Mbwa wa Nyumbani Naye Hupatwa na Kisukari

Katika kambi zetu za jeshi na za polisi mbwa si mgeni. Wapo mbwa wa kazi, wenye walimu wao na daftari zao, na wapo mbwa wa nyumbani, ambao hulala barazani na kubweka apitapo mtu asiyejulikana. Wale wa kwanza hutunzwa kwa amri na kwa fungu la serikali. Hawa wa pili hutunzwa kwa huruma ya mama wa nyumba na kwa makombo ya sufuria. Ni huyu wa pili ninayetaka kumzungumzia leo, kwa sababu mwaka juzi alinifundisha somo ambalo sikulipata katika chuo cha ualimu, wala katika majalada ya ofisi ninamofanya kazi sasa.

Mbwa wetu aitwa Subira. Aliletwa nyumbani akiwa mtoto, ndani ya boksi la sabuni, mwaka ule mume wangu, ambaye ni askari polisi, alipohamishiwa Kampala. Alikua pamoja na kijana wetu wa mwisho, akawa hodari wa ulinzi hata wauza kuku wakajifunza kuita hodi wakiwa mbali.

Dalili zilivyoanza

Subira alipotimiza miaka minane, wiki chache baada ya kupata joto lake, alianza kunywa maji kupita kiasi. Bakuli lililomtosha kutwa nzima likawa halimfikishi saa nne asubuhi. Akilikuta limekauka alikwenda kulamba chini ya bomba la jumuiya. Usiku, yeye ambaye hakupata kuchafua nyumba tangu utoto wake, akawa anakojoa barazani mara mbili au tatu. Nakiri kwamba nilimpiga kwa hilo. Sikujua kuwa nampiga mgonjwa.

Kisha akaanza kukonda, ilhali anakula kuliko siku zote. Tukasema ni minyoo, tukampa dawa ya minyoo. Akazidi kukonda. Mwezi wa pili tumbo nalo likaharibika: akawa anaharisha kinyesi kingi, cha rangi ya manjano iliyofifia, chenye mafuta na harufu kali, na mara nyingine alitapika alfajiri. Mgongo wake ukahesabika mifupa.

Jirani yetu, sajini mstaafu ambaye kila mtu humwita Afande, alikuja jioni moja akamtazama kwa muda mrefu. Akasema, “Mwalimu, mbwa akifika hapa ni kama bunduki iliyokwisha kazi. Hutolewa ghalani. Mwambie mzee wa nyumba amalize mateso yake.” Hakusema kwa ukatili, ndivyo alivyojifunza. Kijana wetu aliyasikia hayo. Usiku ule nilimkuta amelala barazani juu ya gunia, mkono wake shingoni mwa mbwa.

Asubuhi yake tulimpeleka Subira kwa daktari wa mifugo. Daktari alimpima uzito, akakuta kilo 20, naye zamani alikuwa na kilo 27. Alitoa tone la damu, akapima mkojo kwa karatasi ya dawa, akachunguza kinyesi kwa darubini. Kwanza alitaka kuhakikisha kwamba si homa ya kupe wala malale, kwa kuwa maradhi hayo katika nchi yetu nayo humkondesha mbwa, na malale huweza hata kumfifisha macho. Hakuona vijidudu hivyo. Bali sukari katika damu ilikuwa 24, mahali ambapo kwa mbwa mzima aghalabu huwa baina ya 4 na 7. Sukari ikizidi kiasi cha 10 au 12, figo hushindwa kuizuia nayo humwagika katika mkojo, ikivuta maji pamoja nayo. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa sana, na kwa kuwa hukojoa sana hana budi kunywa sana.

Kiungo kimoja, kazi mbili

Daktari alinichorea picha juu ya karatasi, kama nilivyokuwa nikiwachorea watoto ubaoni. Chini ya tumbo la chakula, kando ya mwanzo wa utumbo, kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kiungo hiki kina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza insulini, ambayo hufungua njia ili sukari itoke katika damu na kuingia katika misuli. Ya pili ni kumimina ndani ya utumbo maji yenye vimeng’enya, ambavyo huyeyusha mafuta, nyama na wanga.

Kongosho likivimba mara kwa mara, aghalabu bila mwenye mbwa kujua, huweza kuharibika pande zote mbili. Upande wa insulini ukifa, mbwa hupata kisukari. Upande wa vimeng’enya ukifa, chakula hupita tumboni bila kuyeyuka, na mbwa hufa njaa huku bakuli lake limejaa. Subira alikuwa amepatwa na mabaya yote mawili.

Mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi yumo katika hatari zaidi, kwa sababu baada ya kupata joto mwili wake hutoa homoni zinazopinga kazi ya insulini. Kwa hiyo daktari alishauri kwamba Subira akipata nguvu afungwe kizazi kwa upasuaji, na ikawa hivyo miezi mitatu baadaye.

Nilimwuliza kama vidonge vya kisukari wanavyomeza wazee wetu vingefaa. Akasema havifai. Vidonge vingi vya aina hiyo hulihimiza kongosho ambalo bado lina uhai, au huusaidia mwili uitumie vyema insulini iliyopo. Kwa mbwa, insulini yenyewe huwa imekwisha. Mbwa mwenye kisukari huhitaji sindano, tena, isipokuwa mara chache, maisha yake yote.

Deni letu kwa mbwa

Wapo watakaocheka kusikia mbwa apigwa sindano ya insulini. Naomba wakumbuke elimu hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, uliokuwa chini ya Ujerumani wakati huo, madaktari Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, wakaona amepata kisukari. Ndipo ulimwengu ulipojua ugonjwa huu unahusiana na kiungo gani. Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walikamua dawa kutoka makongosho, wakawapa mbwa waliokuwa na kisukari, na sukari ikashuka. Mwezi wa Januari 1922 dawa hiyo, baada ya kusafishwa na mwenzao James Collip, ilimnyanyua kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu na kifo.

Basi kila mzee kambini anayeishi leo kwa sindano ya insulini anaishi kwa sababu ya elimu iliyopatikana kwa mbwa. Tukimrudishia mbwa mmoja sehemu ndogo ya deni hilo, hatujafanya jambo la kuchekesha.

Sindano na saa

Matunzo ya mbwa mwenye kisukari yafanana sana na zamu ya lindo: hayataki akili nyingi, yataka saa. Subira hula saa moja asubuhi na saa moja jioni, chakula kile kile, kwa kipimo kile kile. Baada ya kula, ndipo apigwapo sindano. Utaratibu huu si wa bure. Mbwa akipigwa sindano kwanza kisha akakataa chakula, insulini itaimaliza sukari kidogo iliyomo mwilini, naye aweza kufa.

Sindano yenyewe ni nyembamba mno. Huinuliwa ngozi ubavuni au nyuma ya bega, ikachomwa chini ya ngozi, si ndani ya nyama. Na kila siku hubadilishwa mahali. Chupa ya insulini ya aina tunayotumia huviringishwa polepole baina ya viganja. Haitikiswi kwa nguvu. Hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, lakini isigande kamwe, kwani insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Umeme ukikatika, sisi huiweka ndani ya mtungi mdogo uliomo katika mtungi mkubwa, katikati yake mchanga uliolowa maji, mahali pa kivuli penye upepo.

Tuna daftari ukutani, mfano wa lile la kituoni. Ndani yake huandikwa saa, kiasi alichokula, uniti alizopigwa, maji aliyokunywa, hali ya kinyesi, na jina la aliyekuwa zamu. Daftari hili limetuokoa na kosa la kumpiga sindano mara mbili, mume akidhani mke hakupiga. Ikiwa huna hakika kama sindano imeingia, usirudie. Sindano moja iliyokosa haiui. Mbili zilizofuatana zaweza kuua.

Sindano zilizotumika hatuzitupi jalalani wanakochezea watoto. Hutiwa katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na chupa ikijaa hupelekwa zahanati.

Kosa lililotaka kumwua

Wiki ya pili tulifikwa na msiba mdogo ambao ningependa kila msomaji auepuke. Insulini tuliyoandikiwa ilikuwa ile ya binadamu, yenye uniti 100 katika kila mililita, na Subira alikuwa apigwe uniti 5. Mabomba ya sindano yalipokwisha, nilikwenda katika duka moja la dawa za mifugo, nikauzwa mengine yaliyofanana nayo kabisa. Sikusoma maandishi yake. Yalikuwa mabomba ya insulini ya wanyama, yaliyopimwa kwa dawa yenye uniti 40 kwa mililita. Nilivuta hadi alama ya 5 kama kawaida, kumbe nimevuta uniti 12 na nusu.

Saa tatu asubuhi hiyo zilipotimu, yaani yapata saa mbili baada ya sindano, Subira alianza kutetemeka. Akasimama, akapepesuka kama mlevi, akaanguka kando ya ndoo. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Kwa bahati daktari alikuwa amenionya mapema. Nilichukua asali, nikampaka kwa kidole kwenye ufizi na ndani ya shavu, kidogo kidogo, bila kummiminia kooni, kwa maana mbwa aliyezimia akimiminiwa kitu hukivuta mapafuni. Baada ya dakika chache aliinua kichwa. Alipoweza kumeza nikampa chakula, kisha tukakodi gari hadi kwa daktari, akakaa chini ya ulinzi wake hadi usiku.

Kwa hiyo shikeni neno hili: namba iliyoandikwa kwenye chupa ya insulini na namba iliyoandikwa kwenye bomba la sindano hazina budi kuwa sawa. Ni 40 kwa 40, na 100 kwa 100. Zisipolingana, rudisheni bomba dukani.

Chakula cha tumbo dhaifu

Hapa ndipo maradhi mawili huvutana. Kwa kisukari peke yake, madaktari wengi hupenda mbwa ale chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, ili sukari iingie polepole. Lakini kongosho lisilotoa vimeng’enya haliwezi chakula cha namna hiyo. Hutaka chakula chepesi chenye nyuzinyuzi kidogo. Kwa Subira daktari aliamua kuliokoa tumbo kwanza, kisha kuipanga insulini kufuatana na chakula kitakachokubali kukaa. Tuliambiwa tumpe wali uliopikwa ukalainika, pamoja na nyama isiyo mafuta au kuku aliyechemshwa akatolewa ngozi. Kwa kuwa chakula hicho peke yake hakikamilishi mahitaji ya mbwa, aliongezewa madini, na sindano za vitamini B12, ambayo mbwa wa hali hii hukosa nguvu ya kuinyonya.

Vimeng’enya huuzwa kama unga, lakini kwetu bei yake ilitushinda. Daktari akatupa njia ya zamani: kongosho bichi la ng’ombe. Hukatwa vipande vidogo sana, kwa kipimo alichotaja daktari, likachanganywa na chakula kila mlo. Halipikwi, kwa sababu moto huviua vimeng’enya. Lakini laweza kugandishwa kwa mafungu na kuyeyushwa siku ya kutumiwa. Jambo moja alilisisitiza: litoke kwa mnyama aliyekaguliwa machinjioni, na liwe kongosho tu. Maini na mapafu mabichi yasipewe mbwa kamwe, kwani humo hukaa malengelenge ya tegu, ambayo kutoka kwa mbwa huweza kuwafikia watoto wetu. Hata hivyo Subira hupewa dawa ya tegu kwa tarehe, na mikono huoshwa kwa sabuni.

Katika siku kumi kinyesi kilianza kushikamana. Wiki ya tano alikuwa ameongeza kilo mbili. Lakini chakula kilipoanza kuingia mwilini, sukari nayo ilipanda, na daktari akapima upya na kubadili uniti. Jambo hili lisimshangaze mtu: tumbo likibadilika, insulini nayo huangaliwa. Usibadili wewe mwenyewe.

Vipo vitu ambavyo mbwa huyu haonji kabisa: mafuta ya kukaangia, ngozi ya kuku, chai ya maziwa yenye sukari, mandazi, mifupa iliyopikwa, vitunguu na chokoleti. Hasa jihadharini na peremende na ubani wa kutafuna usio na sukari uliotiwa zailito. Huo kwa binadamu hauna neno, bali kwa mbwa hushusha sukari ghafla na kuharibu ini. Wala msimpe dawa za maumivu za watu. Na daktari mgeni akitaka kumpa dawa ya jamii ya predinisoloni kwa ajili ya ngozi au kikohozi, mwambieni kwanza kwamba mbwa ana kisukari, maana dawa hiyo hupandisha sukari.

Siku ya kutapika

Kwa mbwa mzima, kuharisha siku moja si kitu cha kukimbilia hospitali. Kwa mbwa mwenye kisukari sivyo. Akikataa mlo, au akatapika alichokula, usipige dozi nzima kwa mazoea. Mpigie daktari simu uulize ufanye nini. Ni vyema kumwuliza mapema, siku ya amani, na kuandika jibu lake katika jalada la daftari, kama amri ya dharura. Maji safi yawepo daima. Mbwa huyu asinyimwe maji hata kama anakojoa ndani.

Ikiwa anatapika tena na tena, amelegea, anapumua kwa nguvu, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva mno au dawa ya kuondolea rangi ya kucha, usingoje kupambazuke. Hiyo ni sumu inayotokea mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, nayo huua katika muda mfupi. Vilevile tumbo likimwuma hata akainama miguu ya mbele chini na kuinua makalio, yawezekana kongosho limevimba upya.

Gharama na uamuzi

Sitawaficha kwamba matunzo haya yana gharama. Mimi na mume wangu tulikaa na penseli, tukaandika insulini, mabomba ya sindano, nyama na nauli, kisha tukaacha nyama yetu ya Jumapili. Insulini tulinunua kwa cheti katika duka la dawa, wala hatukupata kuomba chupa ya mgonjwa wa zahanati. Dawa ya serikali iliyotengwa kwa watu ni ya watu, na hapo hapana mjadala.

Familia isiyoweza gharama hiyo isione haya. Kumwacha mbwa afe polepole kwa kiu na njaa ndiko kusikofaa. Mwoneni daktari wa mifugo amlaze kwa dawa, bila maumivu, na watoto waelezwe ukweli. Huo nao ni utunzaji.

Sisi tuliweza, na Subira yu hai. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, kama yanavyofunikwa macho ya mbwa wengi wenye kisukari, hata wakitunzwa vyema. Haoni, lakini hujua njia ya bomba na hatua za kila mtu wa nyumbani. Ana kilo 25.

Afande naye, aliyetaka bunduki itolewe ghalani, alizoea kuja saa moja jioni kutazama sindano. Siku moja nilikuwa namweleza kijana wangu kwa nini Subira alikuwa akinywa na kukojoa usiku. Afande akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, na mtu naye huamka hivyo mara tatu, mara nne?” Nikamjibu, “Ndiyo, Afande.” Asubuhi alikwenda zahanati. Sukari yake ilikuwa 17. Kisukari hakiambukizwi na mbwa; alikuwa nacho siku nyingi, akidhani ni uzee. Sasa humeza vidonge vyake saa moja, wakati Subira anapigwa sindano, na jina lake tumeliongeza katika daftari la ukutani.